Maneno Yanayotumika katika Mafundisho ya Ukimwi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu mabishano juu ya maneno ya vitabu vya kale: asili yake, maana yake, na namna yapasavyo kuendelezwa. Leo twaomba ruhusa ya kuhakiki maandishi ya namna nyingine, nayo ni mabango, vijitabu na matangazo yafundishayo watu kujikinga na ukimwi na kujitibu. Maandishi haya husomwa na watu wengi kuliko diwani yo yote. Mshairi akikosea neno hupata aibu. Neno likikosewa katika bango la zahanati, mtu aweza kuacha dawa.

Jina ukimwi lenyewe twalisifu. Limekatwa katika maneno upungufu wa kinga mwilini, na aliyelikata alikuwa na sikio la Kiswahili, maana laanza kwa U kama ukoma, upele na ugonjwa wenyewe, likaingia katika ngeli yake bila kupiga hodi. Kabla halijazoeleka, watu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, waliuita ugonjwa huu Juliana, kwa jina la nguo zilizopendwa katika biashara ya siku zile. Aldin Mutembei, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 2001, ameonyesha jinsi mafumbo ya washairi wa Kihaya yalivyobadilika kadiri maradhi yalivyozidi kujulikana.

VVU hakupata bahati hiyo. Herufi zake tatu hazitamkiki kama neno, bali huhesabiwa moja moja, na mdomo wa mtu wa kawaida huzikwepa. Matokeo yake ni kwamba neno ukimwi limebebeshwa mizigo miwili: kirusi, na maradhi yanayofuata kirusi kisipotibiwa. Twasema “kupima ukimwi”, ilhali kinachopimwa ni kama mtu ana kirusi. Mwenye nacho aanzaye dawa mapema na kuzishika aweza kuishi hata uzeeni bila kuupata ukimwi. Lakini yule aliyeambiwa mlangoni kwamba amekuja kupimwa ukimwi hutoka akidhani ameshaupata.

Sasa tuje kwenye msemo tunaoulalamikia zaidi, nao ni “dawa za kupunguza makali ya ukimwi”. Makali ni ya kisu, ya jua, ya njaa. Ni kitu kinachohisiwa. Zama dawa hizi zilipoanza kutolewa bure nchini Tanzania, yaani mwaka 2004, zilipewa kwanza watu waliokwisha kudhoofika, na msemo huo ulikuwa na haki yake, kwani mgonjwa aliyaona makali na akayaona yakipungua. Tangu mwaka 2016 utaratibu umegeuka: kila aonekanaye na kirusi hupewa dawa mara moja, hata kama yu mzima wa afya na anapiga jembe. Mtu huyo hana makali yo yote. Basi dawa hizi zampunguzia nini? Akiuamini msemo huo, ana sababu njema ya kuziacha. Tena wasema kwamba maradhi yapo palepale, yamenolewa butu tu, kumbe dawa humzuia mtu asiyapate.

Waliobuni “kufubaza virusi” wamefanya vema zaidi. Nguo hufubaa juani, ikabaki nguo lakini rangi imekwenda. Kadhalika kirusi hubaki mwilini bila nguvu. Twashangaa kuona msemo huu na ule wa makali vikichanganywa katika ukurasa mmoja, kana kwamba ni visawe.

Kufubaza nako hakutoshi kueleza jambo kubwa lililothibitishwa katika miaka ya karibuni. Uchunguzi uliofanywa katika nchi tisa, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Chunguzi za Ulaya zilizotangazwa mwaka 2016 na 2019 hazikupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa katika kujamiiana na mwenzi ambaye dawa zilikuwa zimekishinda kirusi chake. Habari hii yatafsiriwaje? “Virusi visivyoonekana haviambukizi.” Ole wetu! Ni kirusi gani kilichowahi kuonekana? Msikilizaji ajuaye Kiswahili atafahamu kwamba virusi vyote haviambukizi, au atacheka. Wengine wasema “kutogundulika”, neno linalonuka siri, kana kwamba mtu amefaulu kujificha. Ingefaa kusema waziwazi: virusi vikipungua hata kipimo kisivipate, na dawa zikiendelea kunywewa, mtu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ni maneno mengi, lakini hakuna lililokaa bure.

Juu ya watu wenyewe, “mwathirika” limeanza kuachwa, na twashukuru. Mahali pake pamewekwa WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Nia ni njema, ila kiambishi WA kimewafanya wafanane na kabila, na sijui mmoja wao ataitwaje. Kwa nini asiitwe mtu mwenye VVU, kama tusemavyo mtu mwenye kisukari?

Kwamba lugha nzuri yawezekana katika kazi hii, mchezo wa redio Twende na Wakati ulikwisha kutuonyesha. Ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, na kituo cha Dodoma kilinyimwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili wachunguzi walinganishe wasikiao na wasiosikia. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, hahubiriwi na mtu. Huponzwa na mwendo wake, na Tunu mkewe humwacha akaanza maisha yake. Hata majina yamechaguliwa na mtu ajuaye lugha: mkwaju ni mti wa ukwaju, nao pia ni pigo. Wahusika wale walizungumza kama watu wazungumzavyo nyumbani. Waandishi wa vijitabu vya leo wangeketi na watunzi wa namna ile kabla ya kupeleka maneno yao kwa mpiga chapa.