Askari wa Miguu katika Utenzi wa Vita vya Uhuru

Marehemu Sheikh Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hata 1945. Ulitolewa kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake. Wako waliousifu kwa upana wake, na wako waliouona kuwa sauti ya watawala. Mimi nauliza jambo jingine: kijana aliyetoka nchi ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe, ambayo leo ni Mkoa wa Katavi, akafia vitani, yu wapi katika utenzi huo?

Siku zile reli ya kutoka Kaliua hata Mpanda ilikuwa haijajengwa. Kwenda Tabora tu kulikuwa safari. Askari wa Tanganyika katika jeshi la K.A.R. walifika Uhabeshi, Madagaska, na mwisho Burma, ambako mwaka 1944 Waafrika ya Mashariki walishuka Bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria. Mtungaji hakuwako huko. Alikuwa karani wa serikali, na habari zilimjia kutoka mbali. Kwa hiyo jicho lake hutazama mataifa na majemadari; askari mmoja wa miguu hupita upesi, hata hatuwahi kuuona uso wake.

Huenda msomaji akajibu kwamba ndivyo ulivyo utenzi: kina cha mwisho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, wala hakingoji maiti mmoja azikwe. Jawabu hilo halitoshi. Hemedi bin Abdallah alitumia bahari iyo hiyo kusimulia Wadachi walivyoitamalaki Mrima, na watu wake wana majina, kwa kuwa aliishi kati yao. Upungufu, basi, hautokani na bahari. Unatokana na umbali.

Hata hivyo, jina la utenzi lina uzito ambao wanaoulaumu hawakuupima. Kuviita vita vile vya uhuru, hali Tanganyika yenyewe ilikuwa chini ya Waingereza, kulikuwa kama kuandika deni hadharani. Kijana wa Katavi aliyekufa Burma alilipia uhuru ambao kwao haukuwako bado. Ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mtungaji akajaliwa kuuona kwa miezi michache tu.

Hukumu yangu ni kwamba utenzi huu ulijua kijana yule alikufa kwa ajili ya nini, lakini haukujua ni nani. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, kwa vita vilivyotangulia, nayo ina bunduki na haina jina. Anayeufundisha utenzi huu Mpanda na awatume wanafunzi wake majumbani, wakaulize ni nani aliyekwenda na hakurudi. Wajukuu wangali hai.