Aliyesimama Pasipo na Sakafu

Katika jumba la makumbusho la Prado, mjini Madrid, Pablo de Valladolid amesimama akiwa na kimo cha mtu hasa, kwenye turubai yenye urefu wa zaidi ya mita 2. Alikuwa mmoja wa wachekeshaji waliolishwa na kuvishwa na kasri ya Mfalme Felipe IV wa Hispania. Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme, alimchora yapata mwaka 1635.

Mtazame kuanzia chini. Ametanua miguu, amekanyaga kwa nguvu, lakini amekanyaga nini? Hakuna mstari unaotenganisha sakafu na ukuta. Hakuna kiti, pazia wala mlango. Kuna rangi moja tu, kijivu kilichoingiliwa na hudhurungi, inayopanda kutoka chini hadi juu, pengine imekolea, pengine imefifia. Kinachomzuia Pablo asielee ni kivuli chake, mipigo michache ya brashi iliyolazwa mshazari miguuni. Itafute picha hii kitabuni, ukifunike kivuli kwa kidole: pande zima la mtu linang'oka.

Kisha nguo. Nyeusi tupu, na nyeusi ni mtihani kwa mchoraji. Ukizidisha giza unapata shimo. Ukizidisha mwanga joho linachujuka. Velázquez amepita katikati. Mkono mmoja umekusanya joho kifuani, mwingine umenyooshwa kama wa mtu anayeghani mbele ya hadhira. Hapo ndipo ninapoisoma picha nzima. Wengine wa kasri ile walichekwa kwa ufupi wa maumbile au upungufu wa akili. Pablo hakuwa na ulemavu unaojulikana, kazi yake ilikuwa mdomo na mikono. Basi ule utupu ni jukwaa, na anayelitengeneza ni yeye mwenyewe kwa jinsi alivyosimama.

Wanaoona huruma ya mchoraji kila anapotokea mchekeshaji wana haraka. Velázquez alijua pia kukejeli. Mchekeshaji mwingine, aliyebandikwa jina la Don Juan de Austria, mshindi wa vita vya Lepanto vya 1571, alimchora na deraya zimetawanyika sakafuni na vita vya baharini vikiwaka nyuma yake. Mzaha ule unahitaji vifaa. Pablo amenyang'anywa vyote, na hapungui.

Mchoraji Mfaransa Édouard Manet alipoiona picha ya Pablo mwaka 1865 alimwandikia rafiki yake, mchoraji Fantin-Latour, kwamba nyuma ya mtu huyu hakuna kitu ila hewa inayomzunguka. Mwaka uliofuata akamchora kijana mpiga filimbi wa jeshi dhidi ya kijivu kitupu. Waamuzi wa maonyesho ya Paris wakaikataa picha hiyo. Kivuli cha kijana yule ni kidogo mno, karibu hakipo. Manet alithubutu zaidi, lakini kwa uzito wa kusimama mimi bado namchagua Pablo.