Pipa la bia kwenye fete ya lisansi: nani anaonja kwanza?

Bandugu wasomi, kila msimu wa defansi tunaandika hapa juu ya memware, juri na kazi isiyopatikana. Leo nataka kukritike kile kinachokuja nyuma ya defansi: fete ya nyumbani, na zaidi ile bia ya pression inayotoka kwenye pipa la chuma. Hapa Bukavu tulizoea kazie. Sasa kuko parsele ambamo unakuta pipa la lita 30 limewekwa pembeni ya gato, na watu wanapiga picha nalo mbele ya kupiga picha na mwenye diplome. Wengine banasema: «Hayo njo maendeleo.» Wengine: «Ni kujionyesha tu, si ya kwetu.» Naona pande zote mbili zinahukumu picha. Hakuna anayehukumu glasi.

Tuanze basi na glasi. Bia ya pipa ikitolewa vizuri ni tamu kweli, lakini iko na masharti. Gesi inabaki ndani ya bia kama bia ni baridi, nyuzi 3 ao 4 hivi, na kama inasukumwa vya kutosha. Ikipata joto, gesi inatoroka na unamimina povu. Pipa lililotoka kutingishwa ndani ya gari kwenye barabara zetu linaomba kupumzika, vizuri zaidi usiku mzima, tena kwenye baridi. Umeme ukikatika saa nane za muchana, fete yako inategemea vipande vya barafu ndani ya beseni. Tena tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku inagandamiza kidogo kuliko ya Matadi, kwa hiyo gesi inapaswa kuongezwa kidogo, la sivyo bia inalegea polepole. Halafu mtoaji: glasi safi isiyo na mafuta, isuuzwe kwa maji baridi, ilazwe upande, robine ifunguliwe yote kwa mara moja. Ukiifungua nusu kwa kuogopa, unapata povu tupu.

Mara nyingi anayewekwa kwenye robine ni mdogo wa mwenye fete, ambaye hakuna mtu alimuonyesha kitu. Wageni kumi wa kwanza wanapata povu, na baba mukubwa anauliza kama ni maziwa.

Sasa hesabu. Lita 30 ni glasi 60 za nusu lita, na povu linalomwagika linapunguza hapo. Kwa chupa za sentilita 72 ni karibu chupa 42, ndiyo kusema kazie tatu na nusu za chupa 12. Basi pipa si bahari. Tofauti kubwa iko pengine: kazie ambayo haikufunguliwa unaweza kupatana na mtu wa depo airudishe. Pipa likishafunguliwa ni lako. Na kama unatumia pampu ya mkono, unaingiza hewa ndani. Kesho yake ile bia imechakaa. Kwa hiyo mwenye nyumba anaanza kusukuma watu: «Kunyweni, isibaki!» Hapo chupa tupu haziko mezani za kukumbusha mtu amefika ngapi. Glasi inajazwa kabla haijaisha, kisha mtu anapanda moto yake usiku. Kwangu mimi hilo ni kosa zito kuliko povu.

Lakini kosa ambalo sisi vijana hatulioni, wazee wanaliona mara moja. Huku Kivu chupa inafunguliwa mbele ya mnywaji, na kila mtu anajua ni ju ya nini. Mtu anaogopa karuho. Uamini ao usiamini, ile sauti ya kifuniko kinachotoka ni ahadi ya mwenye nyumba kwa mgeni wake. Pipa linaifuta. Glasi inajazwa nyuma ya nyumba, inaletwa na mtoto usiyemjua, na mzee anaishika saa nzima bila kuigusa. Unasema mzee hapendi maendeleo. Hapana, mzee anangoja mtu amuhakikishie.

Hapa njo nakataa wale wa «si ya kwetu». Chombo kimoja kinachonywesha watu wote ni cha kwetu kuliko chupa. Kasiksi ilikuwa hivyo: ndizi zimeiva, zimekamuliwa na majani, unga wa mtama uliokaangwa umetiwa, siku mbili tatu zimepita, na chombo kimewekwa katikati ya watu. Mwenye nyumba anaonja kwanza, kisha wengine. Na kama shida ni ugeni, basi hata chupa ni ngeni: ile mimea inayoipa bia uchungu, yaani hopsi, inataka siku ndefu za jua ambazo sisi karibu na ikweta hatuna. Inatoka mbali, iwe kwenye chupa, iwe kwenye pipa.

Kwa hiyo hukumu yangu: pipa si dhambi, lakini vile tunalitumia tumechukua chuma na tukaacha adabu. Ukitaka pipa, liweke katikati, watu walione. Weka mtu mukubwa kwenye robine. Baba ao mama wa nyumba ajaziwe glasi ya kwanza, anywe mbele ya wote, halafu wazee. Weka kazie moja ya chupa na sukari kwa wasiotaka. Na kama hauna barafu ya uhakika, acha pipa.

Kuko pia swali la feza, na tunalikwepa. Nyumba nyingi zinakopa kwa ajili ya siku ile moja, halafu msomi anaamka kesho na diplome, deni, na pipa tupu la kurudisha. Hana hata feza ya kufotokopia dosie za kuomba kazi. Mwenye kudefandre mwezi huu, ongea na wazazi mbele ya siku yenyewe: feza ya dosie na ya transport itolewe kwanza, iwekwe pembeni. Kile kitabaki njo kitasema kama ni pipa, kazie mbili, ao bido ya kasiksi. Wageni watakunywa kile utawapa.