Kwa Niaba ya Dereva Asiyepo

Kuna mafundi ambao kazi yao ikiwa nzuri haionekani. Seremala akimaliza mlango, watu wanaupiga picha. Mshonaji akimaliza kanzu, mvaaji anaulizwa imeshonwa wapi. Fundi umeme wa magari akimaliza, anarudisha plastiki za dashibodi mahali pake, anakaza skrubu, na gari linatoka vilevile lilivyoingia. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakuwahi kulala chali chini ya usukani.

Nimelifikiria hili kwa sababu ya rimoti za kuwashia gari kwa mbali, ambazo siku hizi kila mwenye gari anazitamani. Mtu yuko ghorofani anamalizia chai, anabonyeza, na huko chini injini inanguruma, kiyoyozi kinaanza kupoza viti vilivyopigwa jua tangu asubuhi. Hapa Dar es Salaam ni anasa ya joto, lakini wenzetu wa nchi za baridi waliitaka kwa shida. Asahikawa, kaskazini mwa Japani, kipimajoto kiliwahi kushuka mwaka 1902 hadi nyuzi 41 chini ya sifuri. Watu wa huko hupasha gari moto kabla hawajatoka nje. Na kwa kuwa magari yetu mengi ya mitumba yanatoka Japani, mengine hufika bandarini yakiwa na kifaa hicho tayari, kimefungwa na fundi wa huko, rimoti yenyewe haijulikani ilipo.

Gari la namna hiyo ndilo nililomkuta nalo mzee mmoja, fundi umeme wa gereji ya Ilala. Mteja alitaka kifaa kipya. Mzee alikuwa amefungua plastiki zote za chini ya usukani, tochi mdomoni, anaangalia tu. Kijana wake akachoka kusubiri.

"Mzee, si tukate tu, tufunge cha kwetu?"

"Subiri, mwanangu. Nataka kwanza nimjue huyu aliyenitangulia."

Kisha akanivutia fungu la nyaya nione. Waya wa kuwashia haukuwa umekatwa. Yule Mjapani alichubua ganda lake kiasi cha ukucha wa kidole gumba, shaba ikabaki nzima. Akazigawa nyuzi zake katikati kama msusi anavyochana njia kichwani, akapenyeza waya wake katika mwanya huo, akauzungusha, akaulehemu kwa risasi kidogo iliyozama hadi ndani bila kuacha donge. Juu yake alizungusha tepu ya kitambaa, ya aina ileile iliyotumika kiwandani, halafu akakifunga kiungo pamoja na fungu zima ili mtikisiko wa barabara usikipate. Mzee alikipapasa kwa kidole. "Huyu hakuwa na haraka," akasema. Sijamsikia akimpa mtu sifa kubwa kuliko hiyo. Jina la mtu yule hatulijui, wala yeye hakujua kuwa kazi aliyoifunika ingevuka bahari na kufunuliwa na mwenziwe wa mwambao wa Afrika.

Mzee naye hakuwa na haraka. Kila waya aliupima kwa mita kabla ya kuugusa: swichi ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa, na stata inapozunguka, maana kuna waya unaopoteza umeme wakati huo na kuna usiopoteza, na ukizichanganya hizo mbili gari linaweza kugoma. Testa ya balbu hakuitumia, kwa vile umeme inaounyonya unaweza kuiharibu kontroo boksi. Nyaya za mfuko wa hewa wa usukani, zenye ganda la njano, alizipisha. Hizo hazipimwi wala hazichubuliwi. Fyuzi aliiweka karibu kabisa na umeme unakotoka, kwani kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukilinda.

Tumesahau kwamba stata yenyewe iliwaponya watu mikono. Zamani gari liliwashwa kwa hendeli, na injini ikirudi kinyume hendeli iliweza kumvunja mkono aliyeishika. Mwaka 1912 Cadillac ikatoa magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering, na mwasha gari akahamia ndani, kitini. Haikuwa starehe tu. Aliyekaa kitini anaona gia iko wapi, mguu wake uko kwenye breki au klachi, anajua kama kuna mtu ameinamia injini. Rimoti inamwondoa mtu huyo. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuyarudisha, kwa nyaya, macho na mguu wa dereva asiyepo.

Waya mmoja unakwenda kwenye swichi ya breki: asiye na ufunguo akikanyaga, injini inazima. Swichi ndogo inakaa chini ya boneti. Boneti ikiwa wazi gari halikubali kuwaka, na vidole vya fundi mwingine vinapona mkanda wa feni. Waya mwingine unasoma mzunguko wa injini ili stata iachie mara tu injini inaposhika. Gari la gia za mkono ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu likiwashwa gia ikiwa imeingia linaruka mbele bila mtu ndani. Mafundi wengine hulifunga kwa masharti mengi ya hendibreki na milango. Mzee hulikataa kabisa, hata mteja aongeze bei. Na kila anayechukua gari lake huambiwa asiliwashe likiwa ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

Sasa nenda ukaone inavyofanywa kandokando ya barabara. Ganda la waya linang'olewa kwa meno, nyaya zinasokotwa, tepu nyepesi inazungushwa mara mbili; joto la Januari likiingia gundi inalainika na shaba inabaki uchi. Swichi ya boneti iliyokuja kwenye boksi inatupwa. Waya wa breki unaachwa unaning'inia. Kinacholeta ubishi kinaungwa dairekti, na ufunguo wenye chipu ukisumbua, ule wa akiba unafichwa chini ya dashibodi, mwizi arahisishiwe kazi. Rimoti inalia, taa zinapepesa, mteja anatabasamu na kulipa. Gari likiungua tunasema ni shoti, tena kwa sauti ya watu wanaotaja mapenzi ya Mungu. Shoti ina mwenyewe.

Niliwahi kumwuliza fundi mmoja kijana, wa gereji nyingine, kama anajua kulehemu. Anajua, na alinionyesha. Mkono wake ni mzuri. "Lakini mteja haniulizi nimeungaje, mzee wangu," akasema. "Ananiuliza nitamaliza saa ngapi."

Nilikosa la kumjibu. Tunanunua gari tunainama kukagua rangi, tunapapasa mkwaruzo, tunapiga teke tairi. Lakini ni nani amewahi kumwambia fundi asifunge kwanza plastiki, amwonyeshe viungo? Kijana wa mzee wa Ilala ameshahamia kwenye kubandika tinti, ambako kazi inaonekana na inalipwa siku hiyohiyo. Simlaumu. Sisi ndio tuliolifundisha soko kwamba tunalipia mlio, na sasa mlio ndio tunaouziwa.