Chuma Kilichopinda, Chuma Kilichosagika

Ghala la pamba likiungua pale Ngulyati, Bariadi, mkono wa kwanza hukimbilia maji, wa pili hukimbilia fagio. Huo wa pili ndio unaoharibu upelelezi. Mkulima wa huko anajua robota linavyoweza kuungua ndani kwa ndani kutwa nzima, nje pametulia. Majivu yakishafagiliwa rundo moja, nani atasema moto ulianzia wapi?

Mpelelezi hutafuta palipoungua chini kabisa, kisha hufuata alama ya moto inavyopanuka ukutani kwenda juu. Udongo unaoshukiwa kuwa na petroli hautii kwenye mfuko wa rambo, maana mvuke hupenya; huutia kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana. Huchukua na kopo la udongo wa mahali pasipoungua, mkemia apate cha kulinganishia.

Mlipuko, ambao wengi hudhani haubakishi kitu, husomwa kwenye chuma. Tarehe 7 Agosti 1998, saa 4:39 asubuhi, bomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Watu 11 walikufa, zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Getini palikuwa na boza la maji la ubalozi, na siku za mwanzo boza hilo ndilo lililotiliwa shaka. Polisi wetu na wapelelezi wa FBI walikuwa na kazi ya kutenganisha vyuma vya magari yaliyokuwa pale. Kanuni yake ni hii: chuma kilichokumbatia baruti husagika vipande vidogo, kingo zikajikunja na uso ukatoboka vidoti, kilichosimama kando hubonyea upande mmoja tu. Ndiyo maana eneo huzungushiwa utepe mbali kupita kipande kilichorukia mbali zaidi, na vumbi likapitishwa kwenye chekeche.

Ilibainika kuwa bomu lilikuwa kwenye lori la Nissan Atlas. Boza lilikuwa limelizibia lori hilo njia, na bomu likalipuka mita kama 10 kutoka ukuta wa jengo. Upelelezi ulifika hadi nyumba ya kupanga Ilala, na mwaka 2001 Khalfan Khamis Mohamed akahukumiwa kifungo cha maisha New York kwa shambulio hilo.

Dereva wa boza alikufa pale getini. Kama vipande vile vingeokotwa na wauza vyuma chakavu jioni ile, jina lake lingebaki na doa asilostahili.