Pongezi kwa Makedi wa Pwani

Mcheza gofu wa Kitui anayepanga likizo ya baharini hana haja ya kuzunguka Nairobi. Anateremka kwa lami ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, anakutana na wenzake wa Makueni, wanapanda treni ya SGR mpaka Miritini. Wanaopitia Makindu kwa gari hupumzika kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri wa dini yoyote hulishwa bila kudaiwa senti.

Viwanja vipo. Mombasa Golf Club, ya mwaka 1911, ina mashimo 9 tu, lakini yako juu ya mwamba unaotazama bahari. Vipingo Ridge ndiko Mjerumani Esther Henseleit alikotwaa Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019.

Sifa zangu, hata hivyo, nawapa makedi. Kusi na kaskazi havivumi upande mmoja; shimo linalotaka fimbo fupi Januari huenda likadai ndefu Julai. Kedi huangalia minazi inavyoinama, kisha hukukabidhi fimbo ambayo hukuiomba. Sisi wa bara tumezoea hewa nyepesi ya milimani, mpira unaruka mbali. Huku chini hewa ni nzito, mpira unachoka mapema. Tunabishana naye (Mkamba hakubali haraka), mpira unapotea vichakani, naye anaenda kuutafuta bila kutucheka, angalau si mbele yetu.

Kedi hulipwa kwa mzunguko. Mvua ya Mei ikifunga uwanja, hana kitu. Bakshishi yake itengeni mapema, tena iwe nono.