Cassandre: Je, Mchoraji wa Mabango ni Tarishi Tu?

Wanafunzi wetu wanapochambua lugha ya matangazo ya biashara, aghalabu huanza na maneno na kuishia papo hapo. Picha huachiwa watu wa sanaa. Kazi za Mfaransa A. M. Cassandre zinadhihirisha upungufu wa mtazamo huo.

Jina lake halisi ni Adolphe Mouron. Alizaliwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1901, akahamia Paris akiwa kijana. Bango la duka la samani, Au Bûcheron (1923), lilimpa umaarufu. Yakafuata mabango ya reli, Nord Express na Étoile du Nord (yote 1927), kisha lile la meli Normandie (1935). Katika hili la mwisho, omo ya meli imetawala karatasi nzima, na ndege wadogo wameruka karibu na maji. Hapana kivumishi kinachotaja ukubwa. Ndege hao ndio kipimo.

Hata hivyo, kwa mwalimu wa lugha, kazi bora zaidi ni bango la mvinyo wa Dubonnet (1932). Lina picha tatu za mtu mmoja aliyeketi mezani. Kwanza anaitazama glasi, kisha anakunywa, halafu anajimiminia tena. Kadiri anavyokunywa ndivyo mwili wake unavyojaa rangi. Chini yake neno nalo linakua: DUBO, DUBON, DUBONNET. Anayejua Kifaransa husikia humo sauti za maneno yenye maana ya "kizuri" na "kitamu" kabla ya kufikia jina la bidhaa. Ukiondoa picha, hubaki mchezo wa silabi. Ukiondoa silabi, hubaki mlevi.

Cassandre alibuni pia miundo ya herufi. Katika Peignot (1937) aliweka maumbo ya herufi kubwa mahali pa herufi nyingi ndogo, akiamini kwamba hizo ndogo zilitokana tu na mkono wa wanakili wa zamani. Hoja yake ya kihistoria ina uzito, lakini herufi hizo hazikushika katika uchapaji wa vitabu. Maandishi ni mapatano ya jamii ya wasomaji. Hayabadilishwi na mtu mmoja, hata akiwa na kipaji.

Cassandre alimlinganisha mchoraji wa mabango na mpeleka simu za maandishi: haandiki ujumbe, huufikisha tu. Hapa ndipo tunapotofautiana naye. Katika bango la Dubonnet, nani aliyeamua kwamba picha ya tatu iwe ya glasi ya pili? Jina la kinywaji halisemi "ongeza". Mchoro ndio unaosema. Tarishi ameongeza neno lake katika barua, tena neno lenye nguvu kuliko yote. Ustadi huo tunausifu, lakini dhima inayoambatana nao haiwezi kutupiwa mwenye kiwanda peke yake.

Mwaka 1936 kazi zake zilionyeshwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa, New York, na baadaye alibuni nembo ya Yves Saint Laurent. Alijiua jijini Paris mwaka 1968.

Tunawapendekezea walimu zoezi moja: wanafunzi walete bango lolote la mtaani, waandike kwa Kiswahili sanifu kile ambacho picha inasema na maneno hayakisemi. Kisha waulizwe ni nani aliyekisema.